Amandina Lihamba, au mwalimu aliyecheza bubu

Wenzetu katika kitabu hiki wanaandika juu ya mahari, juu ya mbegu, juu ya namna ya kumpokea mgeni. Sisi tuliombwa tuandike juu ya teatre, kwa kuwa sisi ni mwalimu, na kwa miaka mingi tumekuwa tukiongoza kikundi cha teatre cha masomo yetu hapa Kibabi. Tulianza kuandika juu ya teatre kwa jumla, tukajaza karatasi mbili, tukazitupa. Teatre kwa jumla haiko. Kuko mtu anayesimama mbele ya wengine, na kuko wale wanaomtazama na kusema huyu ana haki ya kusimama pale, au hana.

Mwaka wa 2019, siku ya posho moja, tulikuwa tukifanya mazoezi katika chumba cha darasa la tatu. Mzazi mmoja akaingia bila kubisha hodi. Alikuwa ametoka mbali, buti zake zimejaa matope hadi magotini. Alimshika binti yake mkono, akatuambia kwa sauti ya upole, na upole ule ndio ulituumiza: "Mwalimu, miye nalituma mtoto ku masomo, hapana ku teatre. Mwanamuke wa kucheza mbele ya watu ni ndumba tu." Wakaondoka. Wavulana wakacheka. Wasichana waliobaki, wanne, wakatazama chini.

Hatukumjibu yule baba. Tungemjibu nini? Tungemwambia kwamba Ulaya kuna wachezaji wanawake wenye heshima, angesema mambo ya wazungu. Tungemtajia wachezaji wa teatre za Kinshasa anaowaona kwa CD, wanaogombania bwana na kutukanana kwa Kilingala, angesema: si unaona? Tulihitaji mwanamke wa Afrika, mwenye kusema Kiswahili, mwenye umri wa mama yake, ambaye amecheza maisha yake yote mbele ya watu na hakuna anayeweza kumwita lile neno. Tulikuwa tunamjua mmoja. Jina lake lilikuwa kwenye jalada la kitabu kidogo tulichokuwa tukikifanyia mazoezi siku ile: Amandina Lihamba.

Kabla ya kumsema, turudi kidogo nyumbani, maana yule baba hakubuni fikra yake peke yake. Ndugu zetu Wanyanga wa Walikale wana utenzi wa Mwindo, ambao sasa unajulikana duniani kote. Mwaka wa 1956 mzee Candi Rureke aliutamba kwa siku kumi na mbili mbele ya Daniel Biebuyck, na kitabu kikatoka mwaka wa 1969, Biebuyck akisaidiwa na Kahombo Mateene, ambaye mwenyewe ni Mnyanga. Watu wengi wanafikiri Rureke alisimulia tu. Hapana. Mtambaji wa Mwindo anaimba, anacheza ngoma, anashika fimbo yake na njuga, anakuwa Mwindo, kisha anakuwa Shemwindo baba mwenye roho mbaya, kisha anakuwa Iyangura, shangazi. Hiyo ni teatre nzima ndani ya mwili wa mtu mmoja. Na mtu huyo ni mwanaume. Iyangura, mwanamke mwenye akili kuliko wote katika habari ile, anachezwa na mwanaume. Sisi hatusemi hivi kwa kulaumu wazee. Ilikuwa kazi ya watu walioingizwa katika siri ya roho Karisi, na kila kazi ilikuwa na wenyewe.

Lakini jioni, kandokando ya moto, nani alikuwa anatoa hadithi? Bibi zetu. Nani alikuwa anabadilisha sauti, mara sungura, mara fisi, mara mke mdogo mwenye wivu? Bibi zetu. Basi mila haikumkataza mwanamke kucheza. Ilimpa jiko, ikampa mwanaume uwanja. Tofauti ni ya fasi, si ya kipaji. Hilo yule baba hakulijua, na sisi siku ile hatukulikumbuka.

Amandina Lihamba alizaliwa mwaka wa 1944 upande wa Morogoro, Tanzania. Ni wa kizazi kile ambacho kilikuwa kijana wakati nchi inapata uhuru, kikaingia masomo makubwa wakati Mwalimu Nyerere anatangaza Azimio la Arusha, mwaka wa 1967. Alikuwa profesa wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akapata udokta Leeds, Uingereza, mwaka wa 1985, kwa kazi juu ya siasa na teatre katika Tanzania tangu Azimio la Arusha. Vyeo tunaviacha. Vyeo vinaonekana kwenye karatasi, na kwetu Kongo tunajua vizuri kwamba karatasi haichezi.

Kinachotupendeza ni kwamba huyu mama hakutenganisha vitu. Ni mwandishi, ni mwongozaji, ni mchezaji, ni mwalimu. Sisi tulisoma ISP, pale tulifundishwa kwamba fasihi ni kitu cha kuchambua kwa kalamu nyekundu: wahusika, dhamira, mtindo, maliza. Hakuna mwalimu aliyetuambia tusimame tucheze ukurasa mmoja. Tulitoka na diploma mkononi bila kujua kwamba tamthilia imeandikwa kwa ajili ya magoti na mabega. Tulijifunza hilo kutoka kwa wanafunzi wetu wenyewe, baadaye, na kutoka kwa mifano kama ya Lihamba.

Mfano mkubwa ni Malya. Malya ni kijiji upande wa Mwanza, katika nchi ya Wasukuma. Kati ya 1982 na 1983 Lihamba, Penina Muhando na Eberhard Chambulikazi walikwenda huko kutoka chuo kikuu. Hawakubeba tamthilia tayari mkobani. Walikaa, wakauliza watu matatizo yao. Likatoka tatizo la vijana: wasichana wa masomo wanapata mimba, wanafukuzwa, na hakuna anayesema nani kawapa. Sasa, mtu wa mjini angeandika mchezo wa mafundisho, msichana mjinga, mvulana mbaya, daktari mwenye hekima. Wao wakachukua wigashe. Wigashe ni ngoma ya Wasukuma ambayo watu wanaimba wakiwa wamekaa chini. Wakaweka tatizo ndani ya wimbo wa watu wenyewe, vijana wakaimba na kucheza mambo yao mbele ya wazazi na wakubwa wa kijiji, kisha majadiliano yakaanza pale pale uwanjani.

Tulipoisoma habari hii kwa mara ya kwanza tulikaa kimya muda mrefu. Fikiri, msomaji. Msichana amekaa, kama desturi inavyotaka akae. Hasimami juu ya jukwaa, haonyeshi mwili, hakuna atakayemwita ndumba. Lakini anasema. Na akiisha kusema, neno limetoka, halirudi. Kuko watu wanaosema teatre ya namna hii si sanaa, ni mikutano ya maendeleo yenye ngoma. Tumesikia walimu wenzetu wakisema hivyo. Na kweli, sisi pia tumeona mashirika yanayokuja Masisi na tisheti, yanalipa vijana wacheze mchezo juu ya kunawa mikono au juu ya amani, kila mtu anajua mwisho kabla mchezo haujaanza, na baada ya soda wote wanarudi nyumbani. Hiyo si sanaa, wala si maendeleo. Tofauti na Malya ni hii: katika mchezo wa tisheti neno la mwisho limelipiwa. Malya hawakujua mtu atasema nini.

Kutoka kazi kama ile, mwaka wa 1996, ukatoka mpango wa Tuseme, ambao Lihamba na Muhando waliuanza katika masomo ya sekondari ya Tanzania. Wasichana wanachunguza wenyewe kinachowazuia kusoma, wanakifanya mchezo, wanaucheza mbele ya walimu, tena walimu ambao mara ingine ndio tatizo lenyewe. Baadaye FAWE, lile shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, likauchukua, ukavuka mipaka hadi nchi ingine nyingi, pamoja na jirani zetu wa Rwanda. Hapa kwetu Masisi hatukuuona.

Tuseme. Mshike neno hilo, maana sasa tunaingia kwenye sinema.

Lihamba anajulikana kwa filamu mbili. Mtu anayependa kuhesabu atasema ni chache kwa mchezaji wa umri wake. Ni kweli. Ya kwanza ni Arusi ya Mariamu, ya mwaka wa 1985, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill. Ni fupi, haifiki saa moja. Mariamu ni mwanamke wa kisasa aliyeolewa, anaumwa ugonjwa ambao hospitali haiuwezi, na mume wake anamwomba aende kwa mganga wa kienyeji. Mariamu anaogopa, na woga wake ni wa tangu utotoni.

Habari hii ingeweza kuwa mbaya sana. Kwetu pia tunazo mbili, zote zimechoka: ile ya mganga mwongo na daktari mwokozi, ambayo wamisionari walipenda, na ile ya daktari mjinga na mganga mwenye hekima ya mababu, ambayo vyama vya utamaduni, tuseme ukweli, chama chetu nacho ndani, vinaipenda kupita kiasi. Kinachoiokoa filamu ni Lihamba. Hachezi mgonjwa. Anacheza mtu mwenye masomo anayeona haya kwa kuogopa kitu ambacho masomo yalimwambia hakipo. Tunaujua uso ule. Tumeuona kwa walimu wenzetu wakubwa, wenye diploma, wakienda usiku, kichwa kimefunikwa na koti, kwa mzee fulani mlimani kwa ajili ya mtoto anayetetemeka. Hawaendi kwa imani, wala hawaendi kwa kutokuamini. Wanaenda. Lihamba anaicheza hali ile ya katikati bila kuitolea hukumu.

Ya pili ni Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, iliyotoka 2001. Hii ndiyo Tanzania iliituma kwa Oscar mwaka ule, mara ya kwanza nchi ile kutuma filamu, na haikutuma ingine hadi 2022, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji. Haikuingia kati ya zile tano za mwisho, lakini tunaiandikia kurasa hizi kwa sababu ingine.

Tuliiona mwaka wa 2016, huko Goma, nyumbani kwa mwenzetu mmoja aliyesoma Dar es Salaam. Umeme ulikatika mara tatu. Tulikuwa watu saba mbele ya kompyuta moja, na kwa kuwa filamu inasema Kiingereza kwa wingi, na sisi tumekulia kwenye Kifaransa, mwenye nyumba alikuwa akitutafsiria, mara anasahau, anatazama tu. Kuko daktari mwanamke, Asira, Mmarekani mweusi, aliyechezwa na Barbara O. Jones, yule wa Daughters of the Dust ya 1991. Anakuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Tanzania. Pale anamkuta mgonjwa mmoja, mwanamke mtu mzima, ambaye kwa miaka mingi hajasema neno. Ukatili aliouona utotoni nyumbani kwao ulimfunga kinywa. Jina lake Samehe. Ni Lihamba. Na kuko mzee mwanamke, roho ya mababu, Maangamizi, anayemtokea Samehe, kisha anamgusa hata yule daktari.

Basi tazameni. Mwanamke aliyezunguka nchi nzima akiwaambia wasichana tuseme, anapata kazi yake kubwa ya sinema katika mwanamke asiyesema. Kwanza tulifikiri ni bahati tu, kama zinavyokuja. Tulipoiona mara ya pili tukabadili wazo. Tunaamini ni kwa sababu alijua kusema kunagharimu nini ndiyo maana aliweza kucheza kunyamaza. Wachezaji wengi wakicheza bubu wanafanya nguvu: macho makubwa, mikono inaruka, mdomo unatetemeka. Wanatuonyesha kwamba wanataka kusema. Samehe wa Lihamba hataki. Kunyamaza kwake ni nyumba, ameijenga, ameikalia miaka, na ukimbishia hodi anakutazama kutoka dirishani. Shingo yake haigeuki haraka. Mabega yake ni ya mtu anayebeba kitu ambacho wengine hawakioni. Katika chumba kile cha Goma hakuna aliyecheka, hata umeme ulipokatika.

Kibabi tunawajua akina Samehe. Hatutaeleza sana, maana hao ni watu na si mifano. Tangu vita vya 1993, kisha 1996, kisha vyote vilivyofuata, kuko wanawake katika milima yetu ambao walirudi kutoka porini na neno moja au mawili tu mdomoni, ndiyo, hapana, asante. Watu wanasema wamerukwa akili. Mashirika yanakuja na karatasi: ulitendewa nini, mara ngapi, na nani. Wanajibu ndiyo, hapana, asante. Tulikuwa na msichana mmoja darasani wa namna hiyo, akiandika vizuri kuliko wote, na kwa mwaka mzima hatukusikia sauti yake. Tulimwadhibu mara moja kwa kutojibu swali. Tulikuwa hatujaona filamu ile. Hatusemi kwamba filamu ilitufanya watakatifu, lakini baada yake hatujaadhibu tena mtu kwa kunyamaza.

Sasa lawama, maana tuliahidi uhakiki, si sifa.

Lawama ya kwanza ni kwa jina. Samehe. Ni amri. Kila mara mtu akimwita anamwamuru. Watu wa Masisi wamechoka na amri hiyo. Katika semina za maridhiano, katika mahubiri, katika barza, wa kwanza kuambiwa asamehe ni yule aliyeumizwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja, yule mwingine hakuja. Watengenezaji wa filamu wanaona uzuri katika jina lile. Sisi tuliona mzigo. Lihamba mwenyewe anaujua mzigo huo, anaucheza, lakini filamu inamzunguka na ndoto, moto, maji, ishara juu ya ishara, mpaka mara ingine hatumwoni tena yeye.

Ya pili: mlango wa kuingilia habari ni Mmarekani. Tunajua sababu. Pesa zilitoka huko, watazamaji walitafutwa huko, na kuko ukweli mzuri katika wazo kwamba mtoto wa watumwa aliyevushwa bahari na mtoto aliyebaki wana bibi mmoja. Barbara O. Jones anacheza vizuri. Lakini maumivu ya Samehe yanakuwa dawa ya Asira, na katika mizani ile Asira ana maneno mengi, Samehe ana uso tu. Kama Lihamba asingekuwa na uso ule, mizani ingeanguka kabisa. Ndiyo maana tunasema filamu inamdai.

Ya tatu ni kwa nchi yake, na kwa sisi wote wa Kiswahili. Baada ya Samehe, kwa mchezaji wa kiasi hicho, ziko wapi kazi zingine za kiasi hicho? Katika miaka ya 2000 Dar es Salaam ilijaa sinema za video, zile za Bongo, zilizofika hadi kwenye maduka ya Goma na Rubaya. Tumeziangalia, tumezifurahia, hatuwezi kujifanya. Marehemu Steven Kanumba, aliyekufa 2012, alilia na vijana wetu wakalia. Lakini mama mtu mzima katika sinema zile ana kazi tatu: kumlaani mkwe, kuroga mkwe, kumwomba mkwe msamaha. Mwanamke kama Lihamba angewekwa wapi? Na tusiwacheke Watanzania, maana sisi tuna Rachel Mwanza. Mtoto wa Kinshasa, aliyelala barabarani, akachukuliwa kucheza katika Rebelle ya Kim Nguyen, habari ya msichana anayetekwa na waasi, na mwaka wa 2012 Berlin wakampa zawadi ya mchezaji bora mwanamke. Berlin! Na Kongo iliandika habari zake kwa siku chache. Lupita Nyong'o wa Kenya alipata Oscar mwaka wa 2014, na alifanya vizuri kwenda kutafuta kazi huko kazi iliko. Lihamba alibaki. Kubaki kulimpa Malya na Tuseme, kukamnyima filamu kumi ambazo tungezitazama leo. Hatujui kama yeye mwenyewe angekubali hesabu hiyo. Sisi, kama watazamaji, tunaona hasara.

Turudi kwenye kile kitabu kidogo. Ni Hawala ya Fedha, kilichotoka mwaka wa 1980. Lihamba alikichukua kutoka kwa Sembène Ousmane wa Senegal, kutoka ile habari yake ya mandati, ambayo Sembène mwenyewe aliifanya filamu, Mandabi, mwaka wa 1968. Mzee mmoja anatumiwa fedha na mtoto wa ndugu yake aliye Paris. Anakwenda kuzichukua, wanamwomba kitambulisho. Hana. Ili apate kitambulisho anahitaji karatasi ingine, ili apate hiyo anahitaji picha, na njiani kila jirani amesikia kwamba ana fedha. Kuna wakosoaji wanaouliza kwa nini mwandishi mwenye nguvu kama yeye achukue habari ya mwingine badala ya kutunga. Swali hilo linaulizwa na watu ambao hawajaifundisha. Tulipoisoma darasani, mvulana mmoja wa nyuma alipiga kelele: "Mwalimu, ule muzee alikosa karte ya électeur!" Darasa zima likaanguka kwa kicheko. Kwa miaka mingi Kongo, kadi ya uchaguzi ndiyo ilikuwa kitambulisho chetu, na aliyeipoteza akikimbia vita hawezi hata kuchukua pesa alizotumiwa kwa simu. Habari ilitoka Dakar, ikapita Dar es Salaam, ikafika Kibabi, na hakuna aliyehitaji maelezo. Kuvusha habari hivyo ni kazi ya utunzi, hata kama jina la kwanza ni la Sembène.

Sisi tuliicheza kwa namna yetu. Tulibadilisha fedha kuwa za mwana aliye kwenye shimo la koltani Rubaya. Na kwa kuwa wasichana walikuwa wamebaki wanne, na wazazi wao wanaogopa, tulikumbuka Malya: wanawake wote wa mchezo walicheza wakiwa wamekaa, wanachambua maharagwe ya kweli kwenye vitunga, na wanasema kila kitu bila kuinuka. Wanaume walikuwa wakizunguka, wakipiga kelele, wakipotea na karatasi zao. Wanawake wamekaa, wanajua bei ya kila kitu. Hatukupanga uzuri huo. Ulitoka kwa woga wa wazazi.

Yule baba wa buti alikuja siku ya mchezo, mwezi wa sita 2019. Alisimama nyuma, mlangoni, hakukaa. Binti yake hakuwa mchezoni, alikuwa kati ya watazamaji na mdogo wake mgongoni. Mzee wa mchezo alipoambiwa kwa mara ya nne arudi kesho, yule baba akasema kwa sauti, peke yake, "Ni vile!" Watu wakageuka. Akanyamaza. Mchezo ulipokwisha akaja, akatuuliza kitu kimoja tu: kile kitabu kiliandikwa na mwanamke, ni kweli? Tukamwambia ni kweli, na ni profesa, na anacheza mwenyewe. Akauliza kama ana bwana na watoto. Tukamwambia, Papa, sisi tunajua kazi zake tu. Akatikisa kichwa, hatukujua ni kwa kukubali au kwa kukataa, akaenda.

Binti yake alirudi kwenye mazoezi mwaka uliofuata. Hatujidai, labda mama yake ndiye aliyesema naye. Alicheza mara mbili kabla corona haijafunga masomo, kisha tena alipokuwa darasa la tano. Vita viliposonga mwaka wa 2024 kikundi kilitawanyika. Wengine walikwenda kambi za Goma, na mwezi wa pili 2025 kambi zile zilipovunjwa wakatawanyika tena, wengine Minova, wengine hatujui. Yeye alituandikia kwa simu ya mtu. Anakaa na watoto wa jamaa, jioni anawachezesha ile ya mzee na fedha, lakini amesahau sehemu ya mwanamke wa tatu, na anaomba tumtumie kitabu. Tunacho kimoja tu, hakina jalada tena. Tumeanza kukinakili kwa mkono, tumefika ukurasa wa kumi na tisa.